Aliyeumbwa Pamoja Nasi

Masomo: Ayubu 38–41, Zaburi 104



Safari ya kuona wanyama ikitajwa, wengi huwaza Serengeti na Ngorongoro: magari yenye paa la kufunguka, wageni wenye kamera, simba amelala chini ya mgunga. Picha hizo zimo kwenye kalenda za ukutani hata huku kwetu Mbinga, ingawa wengi wetu hatujafika huko. Sisi wa kusini tunawajua wanyama wa mwitu kwa njia nyingine. Tunawajua nguruwe pori waliopita usiku katika mahindi, na nyani anayesubiri mlinzi wa shamba asinzie. Ndugu zetu wa Namtumbo na Tunduru wanawajua tembo wanaofuata njia zao za kale kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji, na katikati ya njia hizo pana mashamba ya watu. Mgeni hulipa fedha ili amwone mnyama. Mkulima hulipa kwa gunia la mahindi, na hakuulizwa kama anataka kumwona.

Kwa hiyo vijana wa usharika wetu walipoomba siku moja ya kwenda kuona wanyama na kumsifu Mungu kwa uumbaji wake, baraza la wazee lilijadili kwa muda mrefu. Mikumi ni mbali na nauli ni kubwa. Pori la Akiba la Liparamba liko upande wetu, mpakani na Msumbiji, lakini Kosta tuliyoahidiwa isingeiweza njia ile. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akasema, "Tushuke ziwani. Mle majini mna wanyama wengi kuliko mbuga zote mnazozitaja." Wengine walicheka, lakini alikuwa amesema kweli, na tukakubaliana hivyo.

Tuliondoka Mbinga alfajiri, watu ishirini na wanne: kwaya ya vijana, akina mama wanane, wazee watatu, mwinjilisti, na wanafunzi wawili wa theolojia waliokuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Aliyetushangaza kwa kujiandikisha ni mama mmoja wa kikundi cha maombi. Alizaliwa kijiji cha ufukweni, na wazee walijua kwamba miaka mingi iliyopita mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa akiishi kwa bibi yake, alikamatwa na mamba alipokwenda kuchota maji. Tangu mazishi yale, ambayo hayakuwa na mwili wa kuzika, hakuwahi kushuka tena ziwani. Alipanda gari, akaketi dirishani, akaungana na wengine katika wimbo wa asubuhi.

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, takriban kilomita 66, imefanya safari ya nusu siku kuwa ya saa moja na kidogo. Tulipita mashamba ya kahawa, kisha miteremko yenye ngoro, vile vishimo ambavyo Wamatengo hulima milimani kwa kupanga nyasi mistari inayokatizana, kuifunika udongo na kuacha shimo katikati. Mvua ikija, maji hutulia shimoni na kunywea taratibu, udongo hauporomoki, na nyasi zilizofukiwa huwa mbolea. Mababu zetu walifanya hivyo kabla hawajafika mabwana shamba. Tuliwaambia vijana watazame vizuri, kwa maana Mwanzo 2 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na hapa waliona kazi zote mbili zikifanywa kwa jembe moja.

Baada ya kona nyingi za mteremko, ziwa likafunguka chini yetu. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika. Uso wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufika mita 700 hivi, hata sakafu yake ikawa chini kuliko bahari yenyewe. Lakini ukishuka zaidi ya mita 200 na kitu, maji hayana tena oksijeni, na samaki hawawezi kuishi humo. Uhai wote ule umo katika tabaka la juu tu, na sehemu kubwa umekaa karibu na miamba ya ukingoni.

Mwenyeji wetu Mbamba Bay alikuwa mvuvi mzee wa Kinyasa. Vijana walimwamkia, "Shikamoo babu," naye akawaitikia, "Marahaba wajukuu, leo mtavua viatu." Akatupakia katika boti mbili, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, akatupeleka taratibu kwenye miamba ambako maji ni angavu kama glasi. Tulipotazama chini tuliona samaki wadogo wa bluu, wa manjano na wenye milia, wakizunguka mawe kama nyuki wanavyozunguka mzinga. Hao ndio wanaojulikana hata Ulaya na Marekani kwa jina la mbuna, watu wa huko wakiwafuga ndani ya vioo kwa ajili ya uzuri wao.

Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lina aina za samaki kati ya 700 na 1,000, kuliko ziwa jingine lolote duniani, na walio wengi hawapatikani mahali pengine popote. Wengi bado hawajapewa jina la kisayansi. Mwanafunzi mmoja wa theolojia alisema kwamba kumbe kazi ile aliyopewa Adamu, ya kuwapa viumbe majina, haijaisha hadi leo. Tulicheka, lakini tukaona ametufundisha.

Babu alijua tabia za samaki wake kuliko vitabu. Alituonyesha samaki jike aliyefumba kinywa, mashavu yamejaa. "Huyu hali," alisema. "Ana watoto mdomoni." Ndivyo walivyo wengi wa samaki hawa: mama hukusanya mayai kinywani na kuyatunza humo kwa wiki mbili au tatu bila kula, na hata watoto wakishaanza kuogelea, hatari ikija hukimbilia tena ndani ya kinywa chake. Akatueleza habari za samaki mwingine ambaye hulala chini kama mfu, ubavu juu, ili vidagaa vije kumdonoa naye awameze. Kisha kambare mkubwa, ambaye ng'ambo ya Malawi humwita kampango: baba na mama hulinda kiota pamoja, na mama hutaga mayai yasiyo na uhai ili yawe chakula cha watoto wake. Wapo wanaolea na wapo wanaodanganya, ndani ya maji yale yale. Kwaya iliimba wimbo wa sifa botini, na mama yule aliimba pamoja nao.

Mchana tulikula ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga, kisha tukaenda Liuli. Hapo lipo jiwe kubwa la Pomonda majini, karibu na ufuko, ambalo Wajerumani waliona linafanana na sanamu ya kale ya Misri yenye mwili wa simba, wakapaita mahali pale Sphinxhafen. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka ziwa ikaishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita vya Ulaya vilikuja hivyo mpaka kwenye ufuko wa wavuvi ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Tulitazama jiwe, tukapiga picha, tukaendelea.

Jambo ambalo hasa tumeliandikia makala hii lilitokea saa tisa alasiri.

Babu alikuwa ametuahidi viboko. Alituongoza hadi kwenye kilima kidogo kinachotazama mto unapoingia ziwani, mbali na maji, akatuamuru tusishuke hata hatua moja. Tuliona migongo mitano kama mawe, kisha mawe yakapumua. Vijana walifurahi sana. Halafu mmoja akanyoosha kidole kwenye kipande cha mchanga ng'ambo ya mto. Mamba alikuwa amelala juani, kinywa wazi, maana ndivyo anavyopunguza joto la mwili wake.

Watu wakanyamaza, kwa kuwa wengi walikumbuka. Babu hakujua habari za mama yule, naye akaendelea kueleza kama alivyoeleza mambo mengine siku nzima. Alisema kwamba mamba jike hufukia mayai mchangani na kuyalinda karibu miezi mitatu. Watoto wakianza kulia ndani ya mayai, yeye hufukua, na kuwabeba mmoja mmoja kinywani hadi majini, wala hawaumizi.

Mama yule akauliza, polepole, "Kinywani?"

"Kinywani, mama. Kama wale samaki wa asubuhi."

Alikaa kimya kidogo, kisha akatugeukia. "Baba Mchungaji, asubuhi tumeimba kwamba kila alichokiumba Mungu ni chema. Na huyu je? Huyu naye Mungu alimwangalia akasema ni chema? Analea wa kwake kwa mdomo ule ule."

Ndugu msomaji, yapo majibu ya haraka ambayo kila mhubiri anayo mfukoni. Tungeweza kusema kwamba dunia iliharibika kwa dhambi, au kwamba Mungu ana makusudi yake, au kwamba mtoto yuko mahali pema. Rafiki watatu wa Ayubu walikuwa na majibu mengi ya namna hiyo, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Jambo jema walilolifanya lilikuwa la mwanzo: waliketi chini pamoja naye siku saba bila kusema neno. Basi nasi tuliketi. Akina mama walimzunguka, mmoja akamshika mkono. Babu, alipoambiwa, alivua kofia yake, akasema, "Pole mwanangu. Hata mimi ndugu yangu alikwenda hivyo." Hakuongeza neno, naye mama akamwitikia kwa kichwa.

Baadaye, chini ya mwembe, yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Sasa tusomeeni." Tukafungua kitabu cha Ayubu.

Ayubu alikuwa amefiwa na watoto kumi kwa siku moja. Aliuliza kwa nini, na kwa sura nyingi Mungu alikaa kimya. Mungu anapojibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hatoi sababu yoyote. Anamchukua Ayubu katika safari ya kuona wanyama. Anamwonyesha simba na watoto wake, kunguru wenye njaa, mbuzi wa milimani akizaa mahali ambapo hakuna wa kumsaidia, punda mwitu anayeukataa mji, mbuni, tai. Anamwonyesha mvua ikinyesha nyikani ambako hakuna mtu wa kuifurahia. Hakuna hata mmoja wa wanyama wa mwitu wale anayemtumikia binadamu. Na mwisho wa safari hiyo wapo wawili ambao watafsiri wa Biblia yetu ya Kiswahili wamewaita kwa majina tunayoyajua: kiboko katika sura ya 40, na mamba katika sura ya 41.

Mwanafunzi wetu mmoja alieleza kwamba majina ya Kiebrania ni Behemothi na Lewiathani, na wasomi wanabishana kama ni wanyama wa kawaida au ni majitu ya kutisha kuliko hao. Mama yule alisema, "Aliyetafsiri mamba anajua." Hatukuwa na la kuongeza hapo.

Tuliona mambo matatu siku ile.

La kwanza, Mungu hamwambii Ayubu kwamba mamba ni mpole. Anasema wazi kwamba hafungiki wala hafugiki, na kwamba anayeweka mkono juu yake hatasahau. Biblia haimfichi mfiwa ukali wa kilichomuumiza. Anayemwambia mfiwa "usiogope, si kitu" hajasoma sura ya 41.

La pili, Mungu anamwambia Ayubu kwamba kiboko aliumbwa pamoja naye. Wale waliosoma kipaimara wanakumbuka kwamba Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza kifungu cha kwanza cha imani anaanza hapo hapo: Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote. Tumekiri maneno hayo tangu ujana bila kufikiri kwamba katika neno "vyote" yumo na yule wa mchangani. Kuwa kiumbe ni kuishi katika nyumba ambayo hatukuijenga, pamoja na wengine ambao hatukuwachagua. Zaburi ya 104 inasema simba nao hunguruma wakimwomba Mungu chakula chao. Wanaomba kwa Baba yule yule, na jambo hilo ni gumu, nasi hatukulilainisha.

La tatu, sisi Wakristo hatuishii kwa Ayubu. Marko anaandika kwa kifupi sana kwamba Yesu alipokuwa jangwani siku arobaini alikuwa pamoja na wanyama wa mwitu. Mwana wa Mungu aliketi mahali ambapo mwili wa mtu unaweza kuraruliwa. Na baadaye mwili wake uliraruliwa kweli, na watu, na mama yake akiwa amesimama pale akitazama. Mtume Paulo katika Warumi 8 hasemi kwamba uumbaji umekamilika katika furaha. Anasema unaugua pamoja nasi ukingoja. Kwa hiyo tulimjibu mama yule hivi: hatujui kwa nini siku ile, wala kwa nini mtoto yule. Lakini Mungu tunayemsifu asubuhi ni yule yule aliyezikwa, na hajamaliza kazi yake.

Alisema, "Basi bado ninangoja. Na mimi naugua pamoja nao." Tuliliandika neno hilo katika daftari la usharika.

Kungoja si kukaa bure. Jioni tulipozungumza na wenyeji, tuliona jinsi mtu na mnyama wanavyoumizana pande zote mbili. Selous, pori kubwa la kaskazini yetu, lilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976; hesabu ya mwaka 2013 iliwakuta kama 13,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya pembe. Ziwani, wapo wanaovua kwa kokoro na hata kwa vyandarua vya mbu, ambavyo huzoa vifaranga vya samaki kabla havijakua. Tulipouliza, kijana mmoja mvuvi alijibu, "Mchungaji, watoto wangu wanakula leo." Mahubiri yanayomlaumu huyo bila kumuuliza nyavu halali zinauzwa bei gani hayajafika ufukweni. Lakini na babu alimjibu, mbele yetu, "Na watoto wa watoto wako watakula nini?" Wote wawili walisema kweli, na kanisa linapaswa kuwasikia wote wawili.

Serikali yetu ina utaratibu wa kuwapa walioharibiwa mazao na wanyama wakali fedha zinazoitwa kifuta jasho, na waliofiwa zinazoitwa kifuta machozi. Majina hayo ni mazuri, na msaada huo ni haki ya kuufuatilia. Viongozi wa mitaa wawasaidie wafiwa kuandika na kupeleka taarifa mapema. Lakini tunajua kwamba machozi yenyewe hayafutwi na fedha. Ufunuo unatuambia ni nani atakayeyafuta, kwa mkono wake mwenyewe.

Tuliporudi, fedha kidogo zilibaki kutoka michango ya safari. Vijana walipendekeza fulana za kwaya. Mama yule aliomba nafasi kikundini akasema, "Kule mtoni watoto bado wanachota maji palepale." Hakusema zaidi, na fulana hazikutajwa tena. Washarika waliongeza michango, baadhi kwa fedha, wengine kwa mahindi na kahawa. Waumini wa Katoliki na Anglikana wa kijiji kile, ambao ni wengi kuliko sisi, walitoa nguvu kazi. Kwa ushauri wa uongozi wa kijiji na afisa wanyamapori, ulijengwa uzio wa magogo yaliyochimbiwa majini kwa karibu karibu, nusu duara, ili mchota maji asimame ndani na mamba abaki nje. Si kazi kubwa. Magogo huoza na itabidi yabadilishwe, nasi tumeweka zamu ya kuyakagua kila kiangazi.

Mama yule alishuka tena ziwani siku ya kuufungua. Alichota ndoo ya kwanza yeye mwenyewe. Mamba hakuuawa, na hakuna aliyependekeza auawe siku ile. Ana mto wake, na watoto wana mahali pao.

Ndugu msomaji, huenda hujawahi kupanda gari la watalii. Lakini mbele ya mlango wako upo uumbaji wa Mungu, mzuri na mkali pamoja. Utazame kwa macho mawili: moja la kushangaa na kusifu, jingine la kumtafuta aliyeumia. Ukiwa na jicho la kwanza tu, utaimba mbele ya mwenye huzuni bila kumwona. Ukiwa na la pili tu, utasahau nani aliyeziweka rangi zile katika samaki wa miambani, ambao watu wengi hawatawaona kamwe. Na yupo jirani yako ambaye hajashuka ziwani kwa miaka mingi. Usimlazimishe. Siku atakapojiandikisha, mpe kiti cha dirishani.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetuumba pamoja na viumbe vyote, tufundishe kukaa katika nyumba yako kwa adabu. Wafariji waliopokonywa wapendwa wao majini na nchi kavu. Wape wavuvi riziki isiyowanyima watoto wao ya kesho. Utupe mikono ya kujenga tunapongoja siku utakapofuta machozi yote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.